Ukuta wetu Buruburu umechorwa usiku: ni sanaa au ni uharibifu?

Mama_Hazina:

Wadau, naomba msaada wenu kabla ya Jumapili, kwa maana kikundi chetu cha WhatsApp hakikaliki.

Mimi ni mweka hazina wa chama cha wakazi, Buruburu. Tuna ukuta mrefu unaotazama Mumias South Road. Kuanzia geti hadi katikati umepigwa plasta na kupakwa krimu. Kutoka hapo hadi kona ni mawe matupu ya kuchonga, yale ya kijivu, ambayo hayajaguswa na brashi tangu nyumba zijengwe. Wiki jana tuliamka tukakuta umechorwa wote.

Kwenye plasta kuna uso wa mwanamke aliyejifunga leso kichwani, umeanzia chini kabisa ukafika kwenye vigae vya juu. Sitawadanganya, ni mzuri. Hata pindo la leso limechorwa maua yake moja moja, na sikio moja lina hereni ya shanga ambayo ukiisogelea unaona kila ushanga umewekewa kivuli chake. Kwenye mawe ni habari nyingine: maandishi manene ya rangi ya fedha yenye ukingo mweusi, yamepindana hivi kwamba hakuna aliyeweza kuyasoma, si mimi si wanangu.

Mwenyekiti wetu, mzee mstaafu, anataka twende kituoni. Anasema leo ni picha, kesho ni matusi. Vijana wanasema ni sanaa tuiache, na tayari kuna watu wanasimama hapo kupigwa picha. Mama wa chipsi aliye nje ya geti yuko upande wa vijana, kwa sababu anazozijua mwenyewe. Mlinzi aliyekuwa zamu anasema hakusikia wala hakuona mtu. Uso unaozidi kimo chake! Haya.

Mtu aliyekuja kututazamia kazi ya kufuta alitaja pesa ambazo haziko kwenye hazina, na hazina ninaishika mimi.

Sasa, hii grafiti tuiite sanaa au uharibifu wa mali? Nataka kitu cha kuwasomea watu Jumapili. Matusi mniwekee.

Baba_Ploti:

Uharibifu. Sioni kinachojadiliwa.

Nina ploti Kayole. Niliweka geti jipya, nikalipaka, rangi haijakauka sawasawa mtu akaja na kopo la rangi ya kupuliza akaandika jina lake na mshale. Hakuna uso wa mwanamke wala hereni. Jina na mshale. Ningemkuta angelipaka geti zima upya kwa mswaki wa meno.

Sanaa ni pale nimemwita fundi, tumeelewana bei, amefanya kazi, nimemlipa. Kinachokuja usiku bila hodi kina jina lake na kila mtu analijua. Mama, nenda kituoni, chukua nambari ya OB, lile daftari la matukio la polisi, hayo mengine mtaongea baadaye.

Fundi_wa_Burma:

Mama, habari za Buruburu. Mimi ni fundi wa rangi na maandishi. Nimeandika maduka ya Jogoo Road, vinyozi vya Kaloleni na Makongeni, na kwa muda mrefu nilichora matatu kwenye gereji si mbali na soko la Burma. Nilianza na brashi na uzi wa chaki, kopo likaja baadaye. Kwa hiyo mimi huangalia ukuta kwanza, mchoro baadaye, na naona hapa kila mtu anamuulizia mchoraji, ukuta hakuna aliyeuulizia.

Umesema jambo kubwa ukalipita haraka: nusu ni plasta, nusu ni mawe. Mama, hizo ni kesi mbili.

Plasta iliyokwisha kupakwa rangi imezoea kupakwa. Kila baada ya miaka michache mngeipaka tena, kuwe na picha au kusiwe na picha. Huyu aliyechora ameongeza tabaka juu ya matabaka mengine. Mkimchukia, mnamfunika. Ila msikubali mtu aje na rangi ya maji peke yake. Rangi ya kopo hutokeza, hasa nyekundu na zambarau. Unapaka krimu jioni, asubuhi leso inaanza kurudi, ya waridi. Unaweka koti ya pili, inarudi tena. Pigeni msasa kidogo, pakeni andakoti ya mafuta, yaani rangi ya kutangulia, iacheni ikauke kabisa, ndipo mrudi na rangi ya maji. Anayewaambia koti tatu za rangi ya maji zinatosha amepanga kurudi kuwalipisha mara ya pili.

Mawe sasa. Mawe yetu ya Nairobi, pamoja na haya ya Ndarugu yanayokatwa kwa mashine, yametokana na majivu ya volkano. Yana vitundu. Mwagia jiwe kavu maji kidogo uone yanavyonyweka. Rangi ya kopo ikipulizwa hapo haibaki juu, inazama. Mtu mwenye haraka huja na thina na kitambaa: thina inaiyeyusha rangi na kuisukuma ndani zaidi, na ukingo mweusi unatapakaa kwenye jiwe zima. Mwingine huja na brashi ya waya au grainda. Rangi inatoka, na uso wa jiwe unatoka nayo, na mnabaki na kiraka cheupe chenye umbo la maandishi yale yale. Zipo kuta za namna hiyo hapa mjini. Yamefutwa na bado unayasoma.

Kwa hiyo mimi nasema hivi. Huyo mama wa leso, hata kama aliyemchora hakubisha hodi, hajawaondolea kitu ambacho andakoti na ndoo ya rangi haviwezi kurudisha. Yale maandishi ya fedha yameharibu mali, na yangeharibu hata kama mchoraji angekuwa bora kuliko wote Afrika Mashariki. Uzuri hausaidii kitu pale. Jiwe halijui uzuri.

Nimjibu na Baba_Ploti. Ndugu yangu, unasema sanaa ni ile iliyoitwa na kulipiwa. Mimi nililipwa kwa kila matatu niliyoichora. Nyuso za wanamuziki, wachezaji mpira, maneno ya mitaani, chochote mwenye gari alichotaka. Gari lake, pesa zake, ukuta wa mtu haukuguswa. Na bado kazi hiyo iligeuzwa kosa. Sheria za marehemu Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi, zilianza kutumika Februari 2004, ile Ilani ya Kisheria Nambari 161 ya 2003: mikanda, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, na mstari wa manjano kuzunguka gari. Mikanda na vidhibiti mwendo sivipingi hata leo, watu walikuwa wanakwisha barabarani. Lakini gari lenye picha likawa ndilo linalosimamishwa kila kizuizi, na wenye magari wakaona heri jeupe. Niliitwa kufuta kazi yangu mwenyewe, gari moja baada ya jingine. Ndiyo, nililipwa kwa hilo pia.

Mwishoni mwa 2014 Rais Uhuru Kenyatta akasema vijana waachwe wachore, ni ajira yao. Picha zikarudi, nganya, hizo matatu za kupambwa, zikawaka. Novemba 2018 ukaja msako mwingine, mistari ya manjano tena, makopo chini tena. Picha ni ile ile, mwenye gari amelipa kama zamani, lakini mwaka huu ni kosa na mwaka ujao ni utamaduni wa Nairobi wa kuonyesha watalii. Ruhusa ina maana, sikatai. Ila Nairobi ruhusa hubadilika na waziri, kwa hiyo mimi siwezi kuitumia peke yake kuamua kitu gani ni sanaa.

Na tukiwa bado kwenye kuandika bila hodi, mbona tunaanzia kwa huyu? Mama, toka getini kwako tembea hadi Mutindwa. Nguzo za stima zina karatasi za mganga anayerudisha mpenzi na kupandisha cheo, nambari ya simu hiyo hapo, na hakuna polisi aliyewahi kuipiga. Uchaguzi ukikaribia kuta zote zinabandikwa nyuso za wagombea kwa gundi ya unga, na sijawahi kuona mgombea aliyeshindwa akirudi kubandua. Kampuni zinapaka duka zima rangi ya bidhaa zao, mwenye duka anapewa fulana. Wenye mashamba wanaandika "Ploti hii haiuzwi" kwa herufi za futi moja. Wakaguzi wa majengo wakija wanaweka X nyekundu ya kubomolewa, na hakuna maandishi ya ukutani yanayosomwa kwa makini Nairobi kama hiyo X. Mimi binafsi nimelipwa kuandika "Usikojoe hapa" mara nyingi kuliko picha yoyote niliyowahi kuchora. Hakuna aliyeitisha mkutano kujadili kama ni sanaa.

Msinione mtetezi wa kopo. Jina tupu getini kwa mtu linanichosha kama linavyomchosha Baba_Ploti. Lakini mwenyekiti wako akisema "leo picha, kesho matusi", mwambie matusi huja kwenye ukuta mtupu. Nimekaa kwenye kazi hii, na ninachokiona ni kwamba ukuta wenye picha nzuri huachwa. Wanaoandika matusi nao wana aibu.

Kopo_la_Pili:

Niaje wazee. Kabla hamjauliza: si mimi.

Fundi, heshima zako, kazi za watu wa rika lako ndizo zilitufanya tushike kopo. Nilikuwa nakawia kuingia darasani nikikodolea matatu za Jogoo Road. Lakini hapo kwa maandishi ya fedha umeyahukumu haraka. Umesema jiwe, sawa, jiwe nakuachia. Ila naona watu wote hapa wanaupenda uso kwa sababu wanauelewa. Hereni, leso, maua. Maandishi hawayaelewi, basi ni uchafu.

Grafiti ilianza na majina, haikuanza na sura. Philadelphia miaka ya sitini kulikuwa na kijana aliyejiita Cornbread. New York kulikuwa na TAKI 183, mjumbe wa kupeleka barua na vifurushi, kazi ilimzungusha jiji zima na kila alikopita aliacha jina, hadi gazeti la New York Times likamwandika 1971. Hao hawakuwa wanachora mama wa leso. Kupindisha herufi hadi zisisomeke na bado zisimame, uzito wake ulale sawa kushoto na kulia, ukingo usitetemeke, na ufanye hayo gizani bila kurudia mstari: jaribu uone. Wewe fundi wa herufi unajua.

Na hapa kwetu. Ukipita makumbusho ya reli utaona mabehewa ya zamani yaliyochorwa, pale BSQ, kikundi cha wachoraji wa grafiti, walikuwa na makao yao. Kabla ya uchaguzi wa Machi 2013 wasanii walichora treni ya abiria inayopita Kibera, maneno ya amani behewa hadi behewa, na shirika lililoendesha reli lilikubali. Safi, hiyo ina ruhusa, kila mtu anaipenda. Sasa nendeni mwaka mmoja nyuma. 2012, mwanaharakati Boniface Mwangi na wasanii wenzake walichora Muindi Mbingu Street, karibu na City Market, mwanasiasa mwenye kichwa cha tumbusi amekalia wananchi. Walichora usiku. Hakuna ofisi hapa mjini ingewapa kibali cha mchoro huo, na nyinyi mnajua kwa nini. Kazi ya grafiti iliyozungumzwa zaidi katika jiji hili ni ile isiyoombewa ruhusa.

Tena rudini nyuma kidogo. Solo7, msanii wa Kibera, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, alipita akiandika maneno ya amani kwenye mabati, kuta, milango, popote. Alibisha hodi kwa nani? Na kuna mtu angemwandikia OB?

Sisi tuna sheria zetu, ingawa hazijaandikwa popote. Huchori kanisani wala msikitini. Huchori gari la mtu. Nyumba ya mtu anayelala ndani, achana nayo. Hufuniki kazi inayokushinda. Aliyechora geti la Baba_Ploti ni mtoto anayejifunza na hajapata mtu wa kumkemea. Angekuja kwetu tungemkemea.

Mama, fanya kitu kimoja. Kaangalie kama kuna jina chini ya uso na chini ya maandishi, na kama ni moja. Mtu anayechora pindo la leso ua moja moja huwa hakimbii. Naona kama hawa ni watu wawili.

Fundi_wa_Burma:

Kijana, umenijibu vizuri na nimefurahi. Herufi ni kazi, hilo hutanifundisha. Nimewahi kurudia herufi S ya hoteli moja mpaka mwenye hoteli akaniletea chai mara mbili.

Ila nikushike hapo kwa tumbusi na Solo7. Wote wawili walikuwa na neno la kuwaambia watu, na neno lenyewe lilikuwa na haraka. Nyumba zilikuwa zinachomwa, huwezi kumwambia mtu asubiri kibali. Yule wa 2012 alikuwa anawaandika watu walio juu yake. Nakubali kabisa, kuna ukuta ambao huwezi kuuomba kwa sababu mwenye ukuta ndiye unayemsema. Lakini mweka hazina wa Buruburu anayeshikilia pesa za kulipa mlinzi, yeye amewakosea nini? Kopo la fedha kwenye jiwe lake linamwambia nani nini?

Kama kweli mna sheria zenu, ongezeni moja: jiwe lisilopakwa rangi msiliguse. Plasta tele Nairobi hii. Kuta za mabati tele.

Kopo_la_Pili:

Hiyo ya jiwe nimeibeba, fundi. Sikuwa najua kuhusu thina.

Lakini "linamwambia nani nini" siikubali. Matangazo yananiambia ninunue tangu nikiamka hadi nilale na hakuna aliyeniuliza kama nataka kuyasoma. Kijana asiye na pesa ya bango akiandika jina lake anasema yupo. Ni neno fupi, lakini ni neno.

Baba_Ploti:

Aseme yupo kwenye geti la mamake.

Karani_Milimani:

Naingilia upande wa sheria kidogo. Mimi si wakili, nashinda na mafaili tu.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kifungu cha 339: anayeharibu mali kwa makusudi na kinyume cha sheria anaweza kufungwa hadi miaka mitano. Kifungu hakiulizi kama ulichokiweka ni kizuri. Kwa hiyo mwenyekiti hajakosea kusema kituo kipo. Swali ambalo hakimu angeuliza linafanana na la fundi: kitu gani kimeharibika? Kwa mawe mna cha kuonyesha. Kwa plasta mngeulizwa gharama ya kuipaka, na mngekuwa mnaipaka hata hivyo.

Upande wa pili, Katiba ya 2010, kifungu cha 33, inalinda uhuru wa kujieleza na inataja ubunifu wa kisanaa waziwazi. Vijana hupenda kukisoma na kuishia hapo. Kifungu cha 40 kinalinda mali ya mtu. Vinaishi kwenye kitabu kimoja, na hakuna kinachokupa ukuta wa jirani. Kwa hiyo mchoro unaweza kuwa sanaa na kosa kwa wakati mmoja. Watu wanabishana kana kwamba wakipata jibu la kwanza la pili linajifuta.

Jambo ambalo hamjaligusa: mkiamua kuuacha, andikeni. Kuna kesi ya New York iliyowashangaza wengi. Kulikuwa na majengo ya zamani ya kiwanda mtaa wa Queens, yakiitwa 5Pointz, na mwenye majengo aliwaruhusu wachoraji kwa miaka mingi. Mwaka 2013 akayapaka rangi nyeupe usiku mmoja, ili ayabomoe. Wakamshtaki. Mwaka 2018 jaji aliwapa wasanii 21 fidia ya dola milioni 6.75, na mahakama ya rufaa ikakubaliana naye mwaka 2020. Hiyo ni sheria ya Marekani ya 1990 kuhusu haki za wasanii wa sanaa za macho, haitumiki Buruburu. Lakini hata sheria yetu ya Hakimiliki ya 2001 inampa msanii haki ya kupinga kazi yake ikikatwakatwa au kupotoshwa kwa namna inayomvunjia heshima. Kwa hiyo mtu akijitokeza mkampa baraka, barua iseme: ukuta ni wetu, picha itakaa hadi tarehe fulani, tukitaka kuupaka tutaupaka na hakuna madai. Asaini, nanyi msaini, pigeni na picha yenye tarehe. Karatasi moja.

Na kama mtu anauza picha za huyo mama wa leso kwenye fulana, hilo ni faili jingine, msilifungue Jumapili.

Mama_Hazina:

Asanteni. Hata wewe Baba_Ploti.

Nilienda kuangalia kama kijana alivyosema. Chini ya maandishi ya fedha kuna jina dogo na moyo. Chini ya uso hakuna jina. Na nilipoinama karibu na geti niliona matone ya rangi ya maji, ya brashi, yamefunikwa udongo kwa mguu. Kwa hiyo uso umechorwa kwa brashi na kopo, na huyo mtu alikuwa na ndoo. Ndoo, wadau, na mlinzi hakusikia kitu. Nilipomwambia hivyo mlinzi alikohoa akaniuliza kama chama kina mpango wa kumnunulia tochi mpya.

Mkutano umekwisha, ulikuwa mrefu na mkali. Niliwasomea maneno ya fundi kuhusu plasta na mawe. Mwenyekiti alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema hata kama ni kesi mbili zote ni za kituoni. Tumepiga kura. OB imeandikwa kwa upande wa mawe peke yake. Uso unabaki hadi tutakapopaka ukuta wote mwezi wa Desemba, na hapo tutapiga kura upya, kwa hiyo msidhani vita vimekwisha. Mama mmoja wa nyumba ya kona alisema hataki kutazamwa na mwanamke asiyemjua kila akitoka kwenda kazini, na nadhani ana haki yake, kwa sababu yeye ndiye anayekaa mkabala nao. Hakuna hapa aliyemfikiria, mimi mwenyewe sikumfikiria.

Vijana walitaka tumtafute mchoraji tumlipe amalizie upande wa mawe. Nimesema hazina haina hela hiyo, na fundi amesema mawe yasiguswe, basi yasiguswe.

Fundi, swali la mwisho. Yale maandishi ya fedha yatolewe kwa nini, kama thina haifai na waya haufai? Na utatutoza ngapi?

Fundi_wa_Burma:

Mama, msianze na ukuta mzima. Chagueni jiwe moja la chini, kwenye kona, mahali pasipoonekana. Nunueni dawa ya kubandua rangi, ile nzito kama uji, isiwe ya majimaji. Vaeni glavu na miwani, hiyo dawa inachoma. Lowesheni jiwe kwa maji safi kwanza ili vitundu vijae maji na rangi isipate pa kuzamia. Changanyeni dawa na udongo mweupe wa mfinyanzi uliosagwa hadi ishikane, bandikeni juu ya rangi unene wa kidole, kisha funikeni kwa karatasi ya nailoni ili isikauke haraka. Mkiifunua, udongo utakuwa umenyonya sehemu ya rangi kutoka ndani. Oneni kama inatosha, rudieni jiwe lile lile. Suuzeni kwa maji na brashi ya nailoni. Kamwe msitumie ya waya.

Nyeusi itakuwa ngumu kuliko ya fedha. Haitatoka yote, na anayewaahidi itatoka yote msimpe hata nauli. Mtapata kivuli hafifu, na mvua na vumbi la Mumias South vitamalizia taratibu.

Bei siitaji hapa, sijaliona jiwe. Nipigie picha ya karibu, asubuhi kabla jua halijaugonga ukuta, unitumie faragha. Na huyo mlinzi mnunulieni tochi.